Dada hajaja, na bado ni wiki ya tatu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nimeshavaa nguo za kazini, mtoto kang'ang'ania sketi yangu, uji uko kwenye chupa, na dada wa kazi za nyumbani hajafika. Napiga simu, haipatikani. Ilikuwa mara ya pili, na alikuwa na wiki tatu tu tangu aanze kazi.

Ofisini kila niliyemsimulia alinipa ushauri uleule: mkate mshahara wa siku hiyo, akirudia mwondoe, usipofanya hivyo atakupanda kichwani. Siwalaumu. Mama mwenye mtoto mdogo na bosi anayetazama saa hana subira ya kugawa. Lakini nashukuru sikuwasikiliza.

Kesho yake alifika mapema kuliko kawaida, na kabla hata ya kuvua viatu akaanza kuomba radhi. Nikamwambia akae kwanza. Akafungua mkoba, akatoa kadi ya kliniki iliyoviringishwa kwenye kipande cha kanga. Ana mtoto wa miezi tisa, amemwacha kwa bibi yake Mbagala. Siku ile alimpeleka chanjo ya surua-rubella, foleni ikawa ndefu, simu ikaisha chaji. Mara ya kwanza mtoto alikuwa na homa.

"Sasa mbona hukuniambia?"

Akainamisha kichwa. "Dalali alisema ukijua nina mtoto mdogo hutanichukua, mama."

Dalali alisema kweli. Mimi mwenyewe nilimwambia nataka dada asiye na mtoto. Kwa mdomo wangu nilimfunga mtu mdomo kabla sijamwona, halafu nikamkasirikia kwa kukaa kimya.

Usiku ule nikapiga hesabu. Anaingia saa kumi na mbili asubuhi, anatoka saa moja usiku, siku sita: saa 78 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na dada wa nyumbani naye ni mfanyakazi. Kwa ratiba niliyompa, angempeleka lini mwanawe kliniki bila kukosa kazi?

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: dada mgeni akikosa, muulize kabla hujamhukumu, na umuulize mkiwa mmekaa, si mlangoni ukiwa na funguo za gari mkononi. Sisemi uvumilie kila kitu. Wapo wanaopokea nauli na kupotea. Na mkishakubaliana, akaendelea kukosa bila taarifa, achaneni, ila mlipe siku zake zote alizofanya kazi.

Sisi tulikubaliana mambo machache. Jumamosi haji tena, na mshahara haupungui. Saa bado ni nyingi, 65, kwa hiyo mume wangu ameomba kutoka kazini mapema siku mbili kwa wiki ili dada aondoke saa kumi. Siku ya kliniki ananiambia jioni iliyotangulia, nami namwomba jirani yetu akae na mtoto, na ninamlipa. Ikitokea dharura, anipigie kabla ya saa kumi na moja alfajiri, hata kwa simu ya kuazima.

Juzi usiku simu yangu ikalia, ujumbe wake: "Mama, kesho kliniki ya kupima uzito, nitafika saa tano." Nikavuka kwenda kugonga kwa jirani.