Je, atomu "inataka" elektroni?

Muulize mwanafunzi wa sekondari mjini Lindi kwa nini sodiamu na klorini huunda chumvi, atakujibu papo hapo: klorini inataka elektroni moja itimize nane kwenye ganda lake la nje, sodiamu inayo ya ziada. (Ile chumvi inayovunwa Kilwa haikupitia njia hiyo. Ioni, yaani atomu zenye chaji, zilikuwa baharini tayari, jua limekausha maji tu.)

Jibu hilo lina watetezi, na nawaelewa. Kidato cha pili linatosha kuandika fomula sahihi za misombo mingi bila kukariri namba hata moja.

Matata huanza kidato cha tano, kwenye enthalpi ya kupokea elektroni: badiliko la nishati pale atomu ya gesi, ikiwa peke yake, inapoongezewa elektroni. Klorini ikipokea hutoa kilojuli 349 kwa moli. Kuing'oa elektroni ya sodiamu hugharimu 496. Tumebaki na deni la 147, na anayelilipa ni mvutano wa ioni zinapojipanga kwenye fuwele, kilojuli 787 hivi.

Oksijeni ndiyo inayoumbua zaidi. Elektroni ya kwanza hutoa 141. Ya pili lazima isukumwe ndani ya ioni iliyo hasi tayari, nayo hudai zaidi ya 700. Ioni O²⁻ ikiachwa peke yake kwenye gesi haidumu, huitema elektroni hiyo. Nane imetimia, na bado haitaki!

Basi tufundishe namba? Wanaosema hivyo nao wana lao la kujibu. Florini hutoa 328, pungufu ya klorini, kwa kuwa atomu yake ni ndogo na elektroni zake zinabanana. Kwa sababu hiyohiyo salfa, ile wanayopulizia mikorosho huko Newala na Tandahimba, hutoa 200 na kuipita oksijeni. Anayezisoma namba hizi kama ngazi ya ukali wa mmenyuko ataamini klorini inaishinda florini. Haiishindi: kifungo kati ya atomu mbili za florini ni dhaifu, na ioni yake ndogo hushikwa kwa nguvu na maji au fuwele.

Mimi ningeiacha "nane" kidato cha pili, bila neno "inataka". Kidato cha tano ningefungua mada na O²⁻, kabla sijachora ubaoni mshale wowote wa mwelekeo kwenye jedwali la elementi.