Boksi Kwanza, Spika Baadaye

Kila nikiulizwa "ninunue sabufa gani ya gari?", yaani spika ya kupiga besi, najibu kwa swali: boksi litakaa wapi, na lina lita ngapi? Aliyeuliza hununa kidogo. Alitaka jina la kampuni na idadi ya wati, mimi namletea hesabu za seremala. Ndivyo nilivyo siku hizi, na sikufika hapa kwa kusoma. Nimefika kwa kuunguza.

Sabufa yangu ya kwanza ilikuwa ya inchi 12, koni (ile sahani inayotikisika) nene, sumaku nzito kama jiwe la kusagia. Fedha zote ziliishia hapo. Boksi nikachukua lililokuwepo dukani, lenye tundu mbele na zulia jeusi la kupendeza, bila kuuliza limechongwa kwa ajili ya spika gani. Lilivuma, tena sana, ila kwa noti moja. Wimbo uwe na gitaa la besi linalopanda na kushuka, uwe na ngoma za mashine, kilichotoka ni buu, buu, buu ile ile. Noti za chini kabisa hazikusikika, nami nikadhani nguvu hazitoshi. Nikaongeza besi kwenye redio, nikaongeza gaini (kiwango cha kukuza sauti) kwenye amplifaya, hadi amplifaya ikaanza kukata vichwa vya mawimbi. Miezi michache baadaye harufu ya kuungua ilitoka kwenye buti, koili, ule waya uliosokotwa unaoisukuma koni, ikawa imekwisha. Nilimlaumu aliyetengeneza spika kwa muda mrefu. Masikini, hakuwa na kosa lolote.

Chukua ngoma. Ngozi ni ile ile, lakini ukiiwamba kwenye mzinga mfupi inasema hivi, kwenye mzinga mrefu inasema vile, na ukiishika mkononi bila mzinga haisemi kitu. Sabufa nayo ni ngozi. Koni ikisukuma hewa mbele, papo hapo inavuta hewa nyuma, na mawimbi hayo mawili ni kinyume, yakikutana yanafutana. Wimbi la hezi 40, yaani mitikisiko 40 kwa sekunde, lina urefu wa mita 8 na nusu hivi, kwa hiyo kuzunguka ukingo wa koni yenye upana wa sentimita 30 si safari yoyote kwake. Ndiyo maana sabufa ya bei mbaya ikilazwa wazi mezani na kuwashwa hutoa mlio wa kusikitisha kama wa redio ndogo ya mfukoni. Boksi linatenganisha mbele na nyuma. Hiyo ni kazi yake ya kwanza. Ya pili ndiyo inayoamua sauti: hewa iliyomo ndani inaishika koni.

Kwenye boksi lililozibwa pande zote, hewa hiyo ni springi. Koni ikiingia inabana, ikitoka inavutwa irudi. Mmarekani Edgar Villchur ndiye aliyelitumia wazo hili kwenye spika ya nyumbani ya AR-1, mwaka 1954, akaonyesha kwamba boksi dogo linaweza kutoa besi ambayo watu walidhani inahitaji kabati la nguo. Gharama yake ni kwamba chini ya masafa fulani (idadi fulani ya hezi) sauti hupungua, desibeli 12 kwa kila oktavu: desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti, na oktavu ni kila hezi zinaposhuka kwa nusu. Sebuleni upungufu huo unaonekana. Garini mambo ni tofauti, na hapa ndipo ninapotaka watu wanisikilize.

Gari ni chumba kidogo kilichofungwa. Wimbi likiwa refu kupita kiasi cha kutanda ndani yake, sabufa haipigi wimbi tena. Inakandamiza na kulegeza hewa yote iliyomo, kama pampu. Kwenye gari lenye nafasi ya mita 3 kutoka mbele hadi nyuma, hali hiyo huanza karibu na hezi 57. Kuanzia hapo kwenda chini, gari lenyewe linaongeza sauti, kwa nadharia desibeli 12 kwa oktavu. Umeona? Boksi lililozibwa linapoteza 12, gari linarudisha 12. Kwa kweli halirudishi zote, kwa sababu milango, vioo na paa hupepea na hewa huvuja, lakini hata nusu yake ni zawadi ambayo mwenye spika za sebuleni haipati. Ndiyo sababu mtu akiniambia hajui achague nini, namwambia azibe. Boksi ni dogo, buti linabaki na nafasi ya mizigo, na makosa madogo ya vipimo linayasamehe.

Boksi lenye tundu halisamehi. Linafanya kazi kama chupa unayopuliza mdomoni: hewa iliyo kwenye shingo inacheza juu ya hewa iliyo tumboni, na kila chupa ina noti yake. Ukipanga urefu na upana wa bomba vizuri, noti hiyo ikae kwenye hezi 32 hadi 35, basi bomba linaisaidia koni pale inapochoka na unapata kishindo kikubwa zaidi kwa wati zile zile. Kwa noti hiyo koni karibu haitikisiki. Hewa ya bombani ndiyo inayofanya kazi. Tatizo ni chini yake. Huko tundu linakuwa dirisha tu, springi inapotea, koni inarushwa huku na huku bila breki, na sauti inaporomoka desibeli 24 kwa oktavu. Mwenye boksi la aina hii bila kichujio kinachokata masafa ya chini kabisa kwenye amplifaya anaendesha gari mlimani bila breki. Bomba likiwa jembamba nalo litapuliza kama tairi linalotoka upepo, usikie fufu kabla ya besi. Sasa ninajua lile boksi langu la zulia jeusi lilikuwa na noti yake juu sana, ndipo likavuma pale tu.

Siyapingi matundu. Nimepanda magari yenye maboksi ya tundu yaliyopigiwa hesabu sawasawa, nikashuka nikicheka peke yangu. Ninachokataa ni tundu la kubahatisha. (Yale maboksi ya vyumba viwili, spika imefichwa ndani na vioo na taa za rangi juu yake, nayaachia wanaopenda taa.)

Hesabu zenyewe hazitishi. Mwaustralia Neville Thiele aliziandika mwaka 1961, Richard Small akaziendeleza miaka ya 1970, na ndiyo maana karatasi ya kila spika ya maana ina herufi kama Fs (noti ya asili ya spika), Qes (jinsi umeme wake unavyoifunga breki koni) na Vas (lita za hewa zenye ulaini sawa na wa koni). Ukitaka njia ya mkato, gawanya Fs kwa Qes. Jibu likiwa karibu na 50 au chini, spika hiyo inataka kuzibwa. Likikaribia 100, inataka tundu. Katikati, uamuzi ni wako. Spika yenye Fs ya 28 na Qes ya 0.5 inakupa 56, izibe. Yenye 32 na 0.35 inakupa 91, hiyo itafute bomba. Spika isiyo na karatasi hiyo siinunui, hata iwe na sumaku ya ukubwa gani.

Halafu pima ndani, si nje. Hapa mafundi wengi wanateleza. Boksi la sentimita 40 kwa 40 kwa 30 kwa nje linasomeka lita 48. Mbao za MDF (unga wa mbao uliogandamizwa) za milimita 18 zinakula sentimita 3.6 kwa kila kipimo, kwa hiyo ndani unabaki na 36.4 kwa 36.4 kwa 26.4, yaani lita 35. Mwili wa spika unachukua lita 2 hivi, mbao za kukaza zinachukua yake. Uliyedhani una 48 una 32. Kwa inchi 12 ya kuzibwa mara nyingi hiyo inafaa kabisa; kwa inchi 12 ya tundu ni kuikaba koo. Paka gundi kila kiungo, kaza skrubu, ziba pembe kwa silikoni. Kisha sukuma koni taratibu kwa vidole vilivyotandazwa, ishikilie kidogo, uachie. Kwenye boksi lililozibwa vizuri inarudi polepole, kwa kusitasita. Ikirudi chap, tafuta panapovuja.

Kuna imani kwamba inchi 10 ina kasi na inchi 15 ni nzito, inachelewa. Siikubali. Noti ya hezi 50 inaitikisa koni mara 50 kwa sekunde, iwe kubwa au ndogo. Besi inayoburuta miguu mara nyingi imetoka kwenye boksi lisilo la kipimo, au kwenye krosova (kigawa masafa kati ya sabufa na spika nyingine) iliyowekwa juu sana hadi sabufa ikaanza kuimba sauti za wanaume. Iweke karibu na hezi 80, kisha geuza nyaya za sabufa, chanya kwa hasi, usikilize ukiwa umekaa kwenye kiti cha dereva. Upande wenye besi nene zaidi ndio wako. Ni jaribio la dakika moja na halina gharama, lakini wachache hulifanya.

Kuhusu wati sitasema mengi. Soma namba ya RMS, yaani nguvu ya kuendelea, ile kubwa iliyochapishwa kwenye kasha ni ya kuvutia wapita njia. Kuzidisha wati mara mbili kunakupa desibeli 3 tu, badiliko ambalo abiria wako huenda asilitambue. Sabufa yenye koili mbili za omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) inakupa omu 2 au 8, kutegemea unavyoziunga, hivyo hakikisha amplifaya inaridhia kabla hujakaza nyaya. Na fyuzi ya waya mkuu ikae karibu na betri, si kule kwenye amplifaya, maana inalinda waya usiwashe gari.

Gari langu la sasa lina boksi moja, lita 20, limezibwa, limejazwa pamba ya mito kidogo. Ukubwa wake haufikii nusu ya lile la zamani. Nilipoliwasha mara ya kwanza kilicholia zaidi kilikuwa kibao cha namba nyuma. Debe tupu haliachi kuvuma, nikakiwekea mpira. Sabufa iliyomo ni ya inchi 10, ya kampuni ambayo wengi wanaoniuliza hawajawahi kuisikia.