Jioni yangu inaanza saa 12 asubuhi

Mimi ni mlinzi. Naingia lindo saa 12 jioni, natoka saa 12 asubuhi, na ninacholinda ni stoo ya bia. Usiku kucha niko na makreti yamepangwa mpaka darini. Kila lori likipita barabarani chupa zinagongana, kling kling, kama zinaniita jina. Sigusi. Tajiri anahesabu mpaka vizibo.

Wewe mwenye kazi ya mchana ukitoka kazini unapitia baa, unashusha moja baridi, nani atakuuliza? Mimi nikitoka, baa ndiyo kwanza inapigwa deki, viti viko juu ya meza miguu hewani. Sheria ya vileo ni ya mwaka 1968. Siku ya kazi inataka saa 5 usiku baa iwe imefungwa, asubuhi watu wakajenge taifa. Jamani, mimi taifa nimeshalijenga usiku! Nimelijenga na tochi!

Zamani kulikuwa na kiroba, kile kipakiti cha pombe kali. Kinakaa mfuko wa shati, unakikata kona kwa jino, kwisha habari. Machi 2017 vikapigwa marufuku, na kusema kweli sikulia sana, vile vitu vilikuwa vinamaliza vijana. Ila mfuko wa shati tangu siku hiyo ni mjane.

Nyumbani? Nimepanga Ngamiani kwa bibi mmoja hajati. Harufu tu ikikatiza ukumbini, anakohoa mpaka unahama mwenyewe.

Amebaki mgema. Tanga nzima ndiye mtu pekee ambaye saa zetu zinalingana: mimi natoka lindo, yeye anashuka mnazini. Na tembo la asubuhi ni tamu, ukali linaupata jua likishapanda. Juzi nikachukua lita moja, nikatia kwenye chupa ya maji, nikakaza kizibo, huyooo mpaka Bustani ya Jamhuri, penye mnara wa saa wa Mjerumani. Nikachagua benchi linalotazama bahari. Upepo huo! Hata usingizi ukanipitia kidogo.

"Shikamoo mzee."

Mgambo akikuamkia kwa adabu namna ile, jua umeshakamatwa.

"Marahaba, afande."

"Hapa ni mahali pa umma, pombe hairuhusiwi. Hicho nini?"

"Mtindi. Tumbo linanisumbua."

Angeondoka, wallahi. Lakini tembo ukilikazia kizibo lenyewe linaendelea kuchachuka, halina habari kama kuna mgambo. Chupa ilishavimba kama chura. Ikaanza: tssss. Tukaiangalia wote wawili. Kizibo kikaruka, pa! Povu likampata kwenye kofia, likateremka taratibu mpaka ncha ya pua, likaning'inia.

"Mtindi," akasema.

"Umechacha, afande."

Akaniamuru nilimwage. Nikalimwaga kwenye majani mbele yake, lita nzima, sisimizi wakaanza sherehe yao bila kibali. Huku namwaga, namweleza: stoo, bibi hajati, viti juu ya meza. Akasikiliza kuliko nilivyotarajia. Macho yake mekundu kama yangu. Kumbe naye alikesha zamu.

"Haya, nenda, nisikuone tena hapa."

Nilikuwa nimeshafika barabarani aliponiita.

"Mzee! Huyo mgema wako anashuka saa ngapi?"