Sikukalia Jeneza, Nilikalia Udongo

Kwanza kabisa, halikuwa jeneza.

Naanzia hapo kwa sababu tangu Jumamosi jioni kuna sauti inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, ya dakika mbili na ushee, ambamo mtu niliyekuwa nikimwita rafiki anasimulia, akicheka hadi anakohoa, jinsi nilivyokalia jeneza la mzee wa watu kule mtaa wa Nyalenda, hapa Kisumu. Shangazi yangu wa Siaya alinipigia Jumapili alfajiri, na kabla hata hatujasalimiana akauliza, "Nyathina, mwanangu, umekalia nini?" Sikuwa na jibu la heshima. Kwa hiyo nimekuja mwenyewe nieleze, suruali ikiwa bado kwenye kamba.

Nilikalia uso. Wa udongo. Endeleeni kunywa chai.

Wasanii wa upande wetu, kuanzia Milimani, ukivuka Ring Road hadi Nyalenda na kuteremka mpaka Dunga, walikubaliana wafungue karakana zao siku moja, mtu apite kwa miguu mlango hadi mlango aone kazi inavyofanyika. Hakuna kiingilio, hakuna utepe wa kukata, hakuna mheshimiwa wa kusubiriwa hadi saa nane. Mimi ndiye niliyewashawishi wenzangu wanne wa kazini. Mimi pia ndiye niliyepiga marufuku tuktuk. Nilisema, kwa mdomo wangu huu, "Mtaa haujulikani kwa matairi." Mnaokaa Kisumu mnajua jua letu la saa saba linamfanya nini mtu aliyevaa shati la mikono mirefu kwa sababu ametaka kufanana na watu wa sanaa.

Na skafu. Ndiyo, nilivaa skafu. Kisumu. Tuendelee.

Karakana ya kwanza ilikuwa ya mchoraji, chumba kimoja nyuma ya duka la nafaka. Jamaa hanunui turubai za dukani, anachukua amerikani, anaivuta kwenye fremu aliyoipigilia mwenyewe, halafu anaipaka gundi ya mbao iliyochanganywa na rangi nyeupe ya ukutani ili rangi isinywewe na kitambaa. Alikuwa anatueleza hayo vizuri kabisa, hadi nilipomkatiza. Nilisimama mbele ya picha ya mtumbwi mtupu ziwani, nikakunja mikono, nikasema, "Hapa naona upweke mkubwa." Akaniangalia. "Hiyo haijaisha, bro. Wavuvi nawaweka kesho."

Mtu mwenye akili angefunga mdomo kuanzia hapo.

Ya pili ilikuwa ya mama anayesuka gugumaji. Hili gugu mnalijua, ndilo lililofunika ghuba ya Winam, huku kwetu Ziwa Victoria, miaka ya tisini hadi meli zikakwama. Yeye analivuna, anaanika mabua, na yakishakauka anayasuka kamba. Alituonyesha rundo bichi lililonifika kifuani, kisha akatuonyesha linachobakiza likikauka: fungu la kukumbatia kwa mkono mmoja. Karibu lote ni maji tu. Sasa sikilizeni, hapa ndipo kesi yangu ilipo. Mama alikuwa na kiti cha gugumaji, kipana, chenye mto wa gunia juu. Nikasita. Akaniambia, "Keti mwanangu, usiogope, kitakubeba." Nikaketi. Kikanibeba, kilo tisini na kitu, bila hata kulia. Nikatoka pale nikiamini kwamba katika mtaa huu, siku hii, chochote kilichofunikwa gunia ni kiti.

Ya tatu fundi wa vyuma, korongo wa minyororo ya baiskeli, shingo ya kupendeza, cheche zikatoboa skafu yangu tundu mbili. Ya nne viatu na pochi za ngozi ya mbuta, ambazo kumbe hazinuki samaki, nilinusa mbele ya wateja, nikaombwa nirudishe. Kufikia hapo tulikuwa tumetembea tangu saa nne, visigino vinawaka, na maji yangu yameisha kwa sababu niliyamwaga kichwani pale Ring Road.

Ndipo tukafika kwa fundi wa sanamu, ndani ya Nyalenda, karibu na Pandpieri. Ua mdogo, mwembe, kibanda cha mabati kilicho wazi upande mmoja. Fundi alikuwa langoni na simu sikioni, anawaelekeza watu njia. Akatupungia mkono. "Ingieni tu, jisikieni nyumbani, nakuja, nawapokea wageni wangu hapo barabarani." Akatoka.

Jisikieni nyumbani. Alisema hivyo. Nina mashahidi wanne, ingawa mmoja ameshanunuliwa na umaarufu.

Ndani kulikuwa na ndoo za udongo uliolowekwa, vichwa viwili vya saruji, simba asiye na mkia, na katikati, kwenye kivuli, benchi la mbao. Juu ya benchi, upande mmoja, mto. Mto wa gunia, umevimba katikati, umetulia, unaniita kwa jina. Wenzangu wakabaki nje wanamwangalia simba. Mimi nikaanza kuwahutubia kutoka ndani kuhusu uchongaji wa Kisii, jinsi jiwe la sabuni la Tabaka lilivyo laini likitoka ardhini, jinsi fundi anavyopaswa kuliheshimu jiwe. Nakumbuka neno la mwisho kabla ya maafa lilikuwa "kugusa". Nilisema, "Sanaa bila kugusa si sanaa." Nikaketi.

Sekunde ya kwanza ilikuwa tamu. Miguu ilishukuru.

Sekunde ya pili nikahisi baridi, ile ya kukalia siti ya matatu iliyonyeshewa dirisha likiwa wazi. Nikajiambia ni jasho.

Sekunde ya tatu mto ukaanza kuteremka. Haukuvunjika. Ungevunjika ningeruka. Ulishuka polepole, kwa adabu, kama ugali mbichi ukikandamizwa na mwiko, na ukatoa sauti. Hiyo sauti siiandiki. Rafiki yangu ameiigiza kwenye ile rekodi yake na kwa bahati mbaya ameipatia. Kisha ukasimama. Chini yangu, upande wa kushoto, kulikuwa na kitu kimoja kilichokataa kushuka na wenzake. Kidogo, kigumu kiasi, chenye ncha. Nikadhani ni msumari. Nikajisogeza, nikakizungushia uzito kidogo ili nijue.

Kikalala.

Sasa najua ilikuwa pua.

Wakati huo sikujua, lakini mwili ulijua. Kuna ubaridi mwingine ukanipanda mgongoni, na huo haukutoka kwenye gunia. Nikataka kuinuka, na papo hapo lango likafunguka, fundi akaingia na wageni wake: mama mmoja wa makamo aliyejifunga kitambaa cheusi, vijana wawili wa kiume, na jaduong', yaani mzee wa Kiluo, mwenye kofia na bakora, wote vumbi la safari viatuni. Nikabaki nimeketi. Hesabu yangu ilikuwa hivi: nikikaa, hakuna anayeona. Wataangalia vichwa vya saruji, watampiga simba picha, wataondoka, na mimi nitaishi hapa.

Fundi akasema, "Karibuni, karibuni sana. Poleni na safari. Mzee yuko tayari, mtamwona leo kabla sijammwagia jasi." Akageuka. "Mzee yuko..."

Macho yake yakazunguka kibanda chote. Yakapita kwenye ndoo. Yakapita kwa simba. Yakafika kwangu, yakaanzia usoni, yakashuka taratibu, kifuani, tumboni, yakafika kwenye benchi, yakakaa hapo.

Jaduong' hakuwa ameona kitu. Yeye alimwona kijana kivulini, akamjia kwa heshima zote, akanyoosha mkono. "Misawa, wuoda." Yaani hujambo, mwanangu.

Nyinyi mliolelewa vizuri mnaielewa mitego yangu. Mzee amesimama, amekupa mkono, na wewe umeketi? Marehemu bibi yangu angetoka Alego kwa miguu aje anichape. Nikainuka nusu, mkono mmoja kwa jaduong', mwingine nikishikilia benchi, magoti yamekunjwa kama mtu anayecheza densi ya zamani. Nikasema, "Misawa ahinya, jaduong'." Gunia likanifuata hatua moja, limenigandia. Halafu likaachia. Chwaa.

Kuku wa jirani alinyamaza. Au mimi niliacha kusikia.

Fundi alilifunua gunia kwa vidole viwili. Chini yake, kwenye ubao, alikuwa amelala mzee wa watu, uso mtupu uliochomoza kutoka kwenye bamba la udongo, ule wa kuwekwa kaburini. Paji la uso lilikuwa salama. Kuanzia nyusi kwenda chini, nilikuwa nimepita. Pua imelalia shavu la kulia kama mtu anayesikiliza redio. Mdomo umepanuka kuelekea pande zote mbili. Na ngozi yote, kuanzia jicho hadi kidevu, ilikuwa na alama za nyuzi za gunia, miraba midogomidogo iliyopangwa vizuri, kana kwamba marehemu amezikwa ndani ya wavu. Sikio la kushoto halikuwepo. Tulilipata baadaye kwenye gunia.

Kijana mkubwa akauliza, kwa sauti ya chini sana, "Fundi, hii ndiyo picha tuliyokutumia?"

Fundi hakujibu. Mimi nikaanza kuomba radhi kwa Kiswahili, nikahamia Kiluo, nikaishiwa, nikamalizia kwa Kiingereza cha barua ya kazi. Mama akaninyamazisha kwa kiganja bila kuniangalia. Akapiga magoti mbele ya benchi. Akautazama ule uso muda mrefu, akainamisha kichwa upande ule ule pua ilikolalia. Niliona mabega yake yakitikisika, nikasema basi, nimemliza mjane, niondokeeni duniani.

Alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti, kisha kwa sauti, hadi akashika benchi. Akaweka kidole kwenye shavu la kushoto, lile nililolibonyeza, akamwambia fundi, "Hili shavu sasa ndilo lake. Ulikuwa umemnenepesha, baba. Huyu alikuwa mtu wa mashavu ya ndani. Usiliguse. Pua mrudishie."

"Na sikio," jaduong' akasema.

"Na sikio."

Sijawahi kupenda familia nisiyoijua kama nilivyoipenda ile. Fundi ndiye aliyenikaanga, na kwa haki. Alinieleza, huku akirudisha pua kwa vidole gumba viwili kwa wepesi uliozidi kunitia aibu, kwamba udongo ukiachwa wazi unakauka, unasinyaa, unapasuka, kwa hiyo hadi familia ikubali sura, lazima ufunikwe na kitu kibichi. Zamani alifunika kwa mifuko ya plastiki. Tangu ilipopigwa marufuku mwaka wa 2017 amerudi kwenye gunia. Kwa hiyo nikitaka, naweza kulaumu sheria. Akishakubaliwa, anamwagia jasi apate kalibu, udongo wenyewe anautoa, na ndani ya kalibu anamwaga saruji. "Ungekuja wiki ijayo," akaniambia, "ungekalia saruji, na wewe ndiye ungepasuka."

Mengine upesi. Nilitoa pesa, akazikataa, akanipa ndoo. Nilikanda udongo saa moja na nusu, skafu nimeifunga kiunoni kama leso kwa sababu kule nyuma nilikuwa na duara la maji ya kahawia ambalo hakuna maelezo duniani yanayoweza kulitetea. Wenzangu waliendelea Dunga, wakala samaki. Tuktuk ya kwanza ilinitazama ikaondoka. Ya pili ilinitandikia gazeti. Nililipa mia mbili kwa safari ya hamsini na sikubishana.

Kuhusu picha inayozunguka, ile ninapoonekana nimeinama nusu nikimsalimia jaduong' huku gunia likiwa limening'inia: ni kweli, ni mimi. Mnaoigeuza stika, acheni. Mama yangu mzazi amenitumia hiyo stika leo asubuhi kunijulisha kwamba chai iko tayari.

Halafu muda si mrefu uliopita nimepata ujumbe kwa nambari ngeni. Ni yule kijana mkubwa. Sanamu itazinduliwa nyumbani kwao Seme mwezi wa Desemba, na mama yake amesema nisikose. Kiti changu kimeshatengwa. Ni cha plastiki, hakina mto, na jaduong' atakikagua kwanza.