Roberto Alagna asipimwe kwa usiku mmoja wa Milano

Kila anapotajwa Roberto Alagna, mazungumzo huishia La Scala, jumba la opera la Milano, tarehe 10 Desemba 2006. Lilikuwa onyesho la pili la Aida, opera ya Verdi, naye akiimba Radamès. Alagna alimaliza aria (wimbo wa mwimbaji mmoja) ya kwanza, "Celeste Aida", baadhi ya watu wa roshani za juu wakamzomea, naye akatoka jukwaani. Muziki ukaendelea. Antonello Palombi, tenori wa akiba, akaingia na nguo zake za mtaani na kuimba na Amneris, binti wa mfalme katika opera hiyo, aliyevaa kifalme. Video ilizunguka dunia nzima, na hadi leo wapo wanaomjua tenori huyu wa Kifaransa kwa dakika hizo tu.

Naona hilo ni dhuluma, tena linaficha jambo lenye faida zaidi kwa anayependa uimbaji. Sauti ya Alagna ilisimama juu ya lugha. Pale maneno yalipokuwa yamekaa mdomoni mwake, wachache wa kizazi chake walimfikia.

Alizaliwa mwaka 1963 Clichy-sous-Bois, kitongoji cha Paris, kwa wazazi kutoka Sicilia. Ana Kifaransa na ana Kiitaliano. Aliimba kwenye kabareti za Paris kabla ya kushinda mashindano ya tenori maarufu Luciano Pavarotti huko Philadelphia mwaka 1988, na mwaka huohuo akaanza opera kama Alfredo wa La traviata katika kundi la ziara la Glyndebourne, tamasha la opera la Uingereza. Alfredo ni mwanzo mzuri kwa tenori mwepesi: okestra haimfuniki, na noti za juu hazikai muda mrefu. Miaka miwili baadaye aliimba nafasi hiyohiyo La Scala, Riccardo Muti akiongoza. Kisha 1994, Roméo wa opera ya Gounod kwenye jumba la Covent Garden, London. Hapo ndipo watu walipoelewa wamepata nini.

Kuimba Kifaransa kuna mitego yake. Irabu za puani, kama an na on, humponza mwanafunzi anayeanza na pua tangu mwanzo wa noti: kaakaa laini hushuka, sauti hunasa puani, haivuki okestra. Dawa ni kuishika noti kwa irabu ya mdomoni karibu muda wake wote, kisha kuugusa upua mwishoni. Ile e hafifu ya mwisho wa neno, isiyosikika mtu anapoongea, kwenye opera hupewa noti yake, lakini ukiipiga kwa nguvu sentensi nzima huvunjika. Mkazo nao huelekea silabi ya mwisho ya kirai. Sisi tuliozoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho huteleza hapo bila kujua. Msikilize Alagna katika aria ya Roméo, "Ah! lève-toi, soleil": kila neno linasikika, na mstari haukatiki.

Mwaka 1996, Théâtre du Châtelet mjini Paris, aliimba Don Carlos kwa Kifaransa, lugha ambayo Verdi aliitungia opera hiyo kwa ajili ya Paris mwaka 1867. Antonio Pappano aliongoza, Karita Mattila akiwa Élisabeth na Thomas Hampson akiwa Rodrigue. Majumba mengi ya opera huiimba kwa Kiitaliano. Kwa maoni yangu kazi hii ndiyo kilele chake, kwa sababu muziki ni wa Verdi lakini maneno yanatoka kama mazungumzo ya mtu aliyevunjika moyo.

Sasa turudi kwenye "Celeste Aida", maana kiufundi ni mtihani mkali. Radamès huiimba ndani ya dakika kumi za kwanza au karibu na hapo, baada ya mazungumzo mafupi tu na kuhani Ramfis. Sauti haijapata joto la kupambana na okestra. Mstari hurudi mara kwa mara kwenye fa, mahali ambapo sauti ya tenori hubadilika kutoka kifuani kwenda kichwani. Mwimbaji akiiachia irabu a ipanuke mno pale, koo hupanda, na adhabu huja mwishoni, kwenye si-bemoli ya juu, yaani si iliyoshushwa nusu hatua. (Natumia majina ya noti ya Kifaransa, ambako do haihami kama kwenye kwaya zetu.) Noti hiyo Verdi aliiandika iimbwe kwa sauti ndogo sana, ikififia. Tenori wengi huipiga kwa nguvu zote. Ipo njia ya katikati iliyotoka kwa Verdi mwenyewe: kuipiga kwa nguvu, kisha kurudia "vicino al sol" oktava moja chini, kwa sauti ndogo. Richard Tucker aliimba hivyo mwaka 1949, Toscanini akiongoza okestra.

Linganisha na Don José katika Carmen, opera ya Kifaransa ya Bizet. Aria yake ya ua nayo hupanda hadi si-bemoli hiyohiyo, kwenye maneno "une chose à toi", nayo pia imeandikwa iimbwe kwa sauti ndogo sana. Tofauti ni kwamba iko katika tendo la pili la opera, koo limeshafunguka, na mstari hupanda ngazi kwa ngazi ukimpa mwimbaji nafasi ya kuchanganya sauti ya kifua na ya kichwa kabla ya kufika. Ukitaka kumpima Alagna kwa haki, mpime hapo.

Je, Radamès ilikuwa nzito kwake? Nadhani ilikuwa ukingoni mwa uwezo wake, na ukingoni hakuna akiba usiku wa zomeazomea. Lakini mwaka 2016 alijifunza Des Grieux wa Manon Lescaut ya Puccini kwa muda wa takriban wiki mbili, tenori Jonas Kaufmann alipojitoa kwenye jumba la opera la Metropolitan, New York. Kiitaliano kilimbeba. Mwaka 2018 ikawa kinyume: alijitoa kwenye Lohengrin, opera ya Kijerumani ya Wagner, katika tamasha la Bayreuth wiki chache kabla ya ufunguzi kwa kuwa hakuwahi kumaliza kujifunza nafasi hiyo, na tenori Piotr Beczała akaishika. Kijerumani hakibebeki kwa haraka vile. Alipopewa muda aliiimba, Berlin, Desemba 2020, ukumbi ukiwa mtupu kwa sababu ya korona. Na La Scala kwenyewe alirudi mwaka 2022, katika Fedora ya Giordano.

Tenori wa kizazi kipya, Benjamin Bernheim, aliyezaliwa Paris mwaka 1985, anakwenda kwa mwendo ninaoupenda zaidi: Roméo, Werther, Hoffmann, nafasi za Kifaransa kwanza, nzito zikisubiri. Waliotazama kufungwa kwa Olimpiki ya Paris 2024 walimsikia akiimba wimbo wa Fauré kwa Apollo.

Anayeanza kusikiliza asiianze na video ya Milano. Aanze na Roméo ya 1994, maneno ya Kifaransa yakiwa mbele yake kwenye karatasi, asikilize zile e za mwisho. Halafu Don Carlos ya 1996, tendo la kwanza la Fontainebleau lote, bila kuruka.