Picha 312 na Dakika Nane za Sauti

Nilipoamua kutengeneza simulizi yangu ya kwanza ya picha na sauti, kuhusu akina mama wanaoanika dagaa kwenye mwalo mmoja wa Ilemela, Mwanza, yaani mahali mitumbwi ya uvuvi inapofikia kando ya Ziwa Victoria, nilibeba kamera kama chombo cha kazi na kinasa sauti kama nyongeza. Siku tatu nilizokaa pale zilinipa picha 312 na sauti zenye kufaa za dakika nane tu. Ningeanza upya leo, ningeugeuza uwiano huo, kwa sababu ninaamini kwamba katika kazi ya namna hii sauti ndiyo hutangulia na picha huifuata.

Siku ya kwanza iliharibika yote. Nilifika saa nne asubuhi, wakati ambapo jua limekwisha kuipasha moto nchi kavu na upepo wa ziwa umeanza kuvuma kuelekea pwani. Picha zilitoka vizuri, lakini kinasa sauti, ambacho hakikuwa na sponji ya kuzuia upepo, kilirekodi ngurumo tupu, nami sikuwa nimevaa vipokea sauti vya masikioni ili nilijue hilo mapema. Tangu kesho yake nilifika alfajiri, mitumbwi inaporudi kutoka kuvua na ziwa bado limetulia, na mchana nilijibanza nyuma ya mtumbwi uliofudikizwa, kinasa sauti kikiwa kimevishwa soksi. Soksi ilikuwa safi, kwa anayetaka kujua.

Hapo ndipo niliposikia jambo ambalo kamera isingeniambia kamwe. Dagaa wabichi wanapomwagwa juu ya nyavu chakavu zilizotandazwa mchangani, hutoa sauti nzito ya kitu chenye maji, na wakifagiliwa hawasikiki kabisa. Kadiri jua linavyowakausha, fagio linalowageuza huanza kukwaruza, hadi kufikia saa nane mchana ambapo huchakarika kama majani makavu. Kwa macho yangu, dagaa wa saa tatu na wa saa nane walikuwa ni wale wale, weupe wa fedha juani. Mama mmoja, ambaye baada ya shikamoo nilimwongezea “mwangaluka”, salamu ya Kisukuma, kwa lafudhi iliyomchekesha sana, aliniona nikiinama kuwashika ili nijue kama wamekauka. “Hao bado, mwanangu,” akaniambia, “usiwashike, wasikilize.”

Katika kuhariri nilifanya kosa la pili, nalo nadhani ni la wengi tunaoanza. Kila neno nililitafutia picha yake: sauti ikitaja taa, taa inaonekana; ikitaja fedha, mikono inahesabu noti. Rafiki yangu aliitazama akasema inafanana na kitabu cha darasa la kwanza, nami nilinuna siku mbili kabla ya kukubali. Picha inayorudia lile ambalo sikio limekwisha kulipata haina kazi. Katika toleo la pili, mama anapoeleza kwamba kwenye mbalamwezi wavuvi hupumzika kwa kuwa taa zao hazina nguvu ya kuwavuta dagaa, niliweka nyavu tupu mchangani, bila mtu. Sauti ya fagio niliiachia picha moja tu isiyosogezwa kwa sekunde 14, ingawa programu ya kuhariri ilikuwa tayari kuikuza na kuizungusha nipendavyo.

Wapo wanaosema kwamba watu hutazama simu zao wakiwa wamezima sauti, ndani ya daladala au ofisini, kwa hiyo heri kuweka maandishi chini ya picha. Sipingi kwamba hivyo ndivyo watu wanavyotazama. Napinga kuitengeneza kazi kwa ajili ya asiyesikiliza, maana huyo anatosheka na picha, na hana haja ya saa nyingi nilizokaa nyuma ya mtumbwi.

Kazi ilipokamilika, nilirudi mwaloni kipindi cha mbalamwezi, akina mama wakiwa na nafasi. Yule mama hakuitazama simu. Aliiweka sikioni kana kwamba amepigiwa. Ilipofika sehemu ya fagio, ambako nilikuwa nimeandika chini ya picha “dagaa waliokauka”, alitikisa kichwa.

“Hawa ungewapa saa moja zaidi,” akasema.

Jioni ile niliyabadilisha maandishi.