Supamaketi ikifunga virago, jengo linabaki na nani?

Mwaka 2014 kampuni ya supamaketi ya Shoprite ya Afrika Kusini iliiuzia mwenzake Nakumatt ya Kenya maduka yake ya Tanzania, likiwemo la Arusha, pale kwenye jengo la maduka la TFA, Barabara ya Sokoine. Nakumatt nayo haikudumu. Madeni yaliielemea, na kufikia 2018 ilikuwa imeshafunga virago nchini. Supamaketi ya Uchumi, nayo ya Kenya, ilitangulia kuondoka mwaka 2015. Tangu hapo, ukigusia majengo makubwa ya maduka Arusha au Moshi, hukosi wa kukwambia kwamba sisi ni watu wa sokoni na kwa Mangi, yaani duka dogo la mtaani, hayo mengine tuwaachie wenyewe.

Hoja hiyo si ya kubeza. Kwa Mangi unapimiwa mafuta ya kula kwa hela uliyonayo, unakatiwa kipande cha sabuni ya mche, na mwezi ukiwa kwenye kona unaandikwa kwenye daftari. Soko la Kilombero unabishana bei ya fungu la nyanya, na ukishalipa mama anakutupia mbili za nyongeza. Jengo lenye jenereta, walinzi na wafagizi halina namna ya kuishusha nyanya hadi bei hiyo. Jumamosi linajaa, kweli, lakini angalia mifuko: watoto wana chipsi na aiskrimu, mboga za wiki zilishanunuliwa sokoni asubuhi.

Hata hivyo, kama tatizo lingekuwa mazoea yetu tu, Marekani wasingekuwa na magofu ya maduka. Kule jengo la kwanza la aina hii lililofunikwa lote, Southdale, lilifunguliwa mwaka 1956 nje kidogo ya Minneapolis. Mchoraji wake, Victor Gruen, alitaka lizungukwe na nyumba, shule na zahanati. Wawekezaji wakachukua maduka na maegesho, mengine wakayaacha, na uzeeni alikana kabisa kuitwa baba wa majengo hayo. Yakajengwa mengi kupita wateja waliokuwepo. Kila moja liliegemea wapangaji wakubwa wachache, na mikataba mingi iliwaruhusu wenye maduka madogo kupunguziwa kodi au kuondoka mkubwa akihama. Sears, mmoja wa wapangaji wakubwa hao, ilipoomba kinga ya mufilisi mwaka 2018, majengo mengi yalishaanza kuporomoka. Biashara ya mtandaoni iliongeza kasi tu.

Hapo ndipo naona undugu wao na jengo letu. Mwenye jengo anampa supamaketi moja nafasi kubwa, halafu duka la dawa, la simu na mgahawa wanaishi kwa wateja wake. Supamaketi ikifilisika, inaondoka nao. Walioiletea maziwa na mboga kwa mkopo wanabaki na ankara mkononi, jambo ambalo wasambazaji wa Nakumatt na Uchumi wanalijua vizuri. Arusha tuna udhaifu wa ziada: magari ya utalii yanayosimama kujaza maji na biskuti kabla ya kwenda mbugani hupungua sana masika.

Wanaotetea majengo haya nao wana lao. Choo safi, maegesho, mahali pa kukaa mvua ikinyesha, bei iliyobandikwa ambayo mgeni na mwenyeji wanalipa sawa: sokoni hupati vyote hivyo. Mzalishaji mdogo wa asali au mtindi akipata rafu pale, anajifunza kufungasha na kuweka lebo.

Kwa hiyo sioni sababu ya kuyabomoa wala ya kusubiri jitu jingine kutoka nje. Kule Marekani, mjini Nashville, hospitali ya Chuo Kikuu cha Vanderbilt ilihamishia kliniki kwenye ghorofa ya jengo la maduka mwaka 2009. Mjini Austin, jengo kama hilo likawa chuo. Mgonjwa na mwanafunzi huja hata wasipokuwa na hela ya kununua, na wakishafika watakula na kuweka vocha. Hapa Arusha, mtaa wa Njiro, kliniki ya meno ingemfaa mwenye jengo kuliko rafu za nafaka za kifungua kinywa.

Wengine wanapendekeza eneo la supamaketi likatwe fremu ndogondogo. Nakubali nusu. Fremu thelathini zote zikiuza kava za simu, tumejenga soko la gharama kubwa lisilo na nyanya. Tena mfanyabiashara wa soko la Mbauda hawezi kutoa kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, na kilemba, yaani hela ya kupewa fremu, juu. Kanuni za Machi 2025 zilizokataza bei za ndani kutajwa kwa dola zimempunguzia hofu moja, ya kutajiwa kodi kwa dola. Hiyo ya mkupuo iko mikononi mwa mwenye jengo: akipokea ya miezi mitatu mitatu, atapata wapangaji ambao leo wanapita nje ya geti.